Wimbo wa Liverpool Haukuandikwa Liverpool

Kwaya ilikuwa imemaliza. Mchungaji alikuwa anafunga kitabu chake, nasi wanawake tumeanza kuinuka mikekani kutafuta kandambili zetu, ndipo vijana wa kijiwe cha bodaboda walipojitokeza mbele. Walikuwa kumi na moja au kumi na wawili, wote wamevaa jezi nyekundu. Nyingine zilikuwa mpya, nyingine zimepauka mpaka zimekuwa rangi ya tofali. Mwenzao alikuwa ametoka kuzikwa nusu saa iliyopita, nyuma ya migomba, hapo hapo nyumbani kwao Muheza.

Hawakuomba ruhusa. Mmoja alianza, wengine wakadakia.

Waliimba ule wimbo wanaouimba kila Liverpool inapocheza, “You’ll Never Walk Alone”, pale kwenye banda umiza karibu na stendi. Kiingereza chao kilikuwa cha kusikia tu, wala hakuna aliyewahi kuwaandikia. “Wokoni, wokoni,” waliimba, na kila neno walilifunga kwa irabu kama tunavyofanya sote tukikopa maneno ya watu. Sauti ziligongana. Mmoja alilia katikati akashindwa kuendelea, mwenzake akamshika bega akaendelea kwa niaba yake.

Mjane alikuwa mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Tangu asubuhi alikuwa hajamtazama mtu. Walipofika pale pa kurudia aliinua kichwa akawatazama, mmoja mmoja, mpaka mwisho.

Mimi ni Mwislamu, na misiba ya kwetu haiimbiwi hivyo. Lakini marehemu alikuwa jirani, na Muheza msiba ni wa wote. Nilisimama na viatu mkononi, nimesahau nilikuwa nataka kwenda wapi.

Jioni kijana mmoja wao alinipeleka barabarani kusubiri gari la Tanga. Nikamuuliza, “Ule wimbo wenu katunga nani?”

“Si wa Liverpool ule, anti.”

“Najua wanauimba. Nauliza aliyeandika maneno.”

“Liverpool wenyewe.”

Alinijibu kwa adabu, na kwa uhakika kabisa. Jibu lile limenikaa wiki tano.

Mjane wa kwanza kuimbiwa

Usiku uleule nilinunua bando nikakaa na simu.

Wimbo ule ulifika New York tarehe 19 Aprili 1945, katika ukumbi wa Majestic, ukiwa ndani ya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao Carousel. Muziki ulitungwa na Richard Rodgers, maneno na Oscar Hammerstein II. Liverpool waliupata miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1963, bendi ya mji wao, Gerry and the Pacemakers, ilipourekodi na sahani ikapanda hadi namba moja Uingereza. Jukwaa la Anfield likaushika, na mpaka leo halijauachia. Sisi huku tuliupokea kupitia mpira. Wengi wetu tunaukumbuka usiku ule wa Mei 2019, Barcelona walipofungwa manne, mawili akiyafunga Divock Origi ambaye baba yake aliichezea Harambee Stars, na wachezaji wakasimama mbele ya jukwaa lao wakaimba pamoja na watu.

Kilichoniondolea usingizi ni hadithi yenyewe ya mchezo.

Julie ni msichana wa kiwanda cha nguo, pwani ya Maine, mwaka 1873. Anaolewa na Billy, ambaye kazi yake ni kuwapigia watu debe wapande bembea la farasi wa mbao. Mpiga debe, kama wetu wa stendi. Billy anapoteza kazi, mke ana mimba, anaingizwa kwenye mpango wa wizi, mpango unaharibika, naye anajiangukia kwa kisu kuliko kukamatwa. Julie anabaki juu ya maiti hajui la kufanya. Binamu yake Nettie anamsogelea, na hapo ndipo wimbo unapoimbwa kwa mara ya kwanza.

Anaimbiwa mjane, mume amelala mbele yake.

Hammerstein hakuwa na uwanja wa mpira kichwani, wala watu elfu hamsini. Alikuwa na mwanamke mmoja asiyeweza kuinuka, na mwanamke mwingine anayetafuta la kumwambia. Na kwenye viti walikaa watu ambao vita ilikuwa haijawarudishia watoto wao, na Rais Roosevelt alikuwa amefariki wiki moja tu kabla.

Niliwaza wale vijana wa bodaboda. Hawakujua lolote kati ya haya, na waliupeleka wimbo pale pale ulipotoka.

Jicho la tembo

Tangu usiku ule nikaanza kumfuata huyu Hammerstein. Nilisikiliza nyimbo zake nikipika, nikifua, nikiwa kwenye daladala na spika moja ya sikio. Nilisoma alichoandika mwenyewe kuhusu kazi yake, maana ni mmoja wa watunzi wachache waliokaa chini wakaeleza jinsi mikono yao inavyofanya kazi.

Alikuwa mzito wa kuandika. Aliandika akiwa amesimama kwenye meza ndefu, shambani kwake Pennsylvania, akizunguka chumba na kurudi kwenye karatasi. Wimbo wa kwanza wa mchezo wa Oklahoma!, uliofunguliwa Machi 1943, ulimchukua majuma matatu. Rodgers alipokabidhiwa maneno aliyatilia muziki kwa dakika kama kumi.

Najua watu watakaosema basi Rodgers ndiye fundi. Mimi nasoma kinyume. Kama muziki ulitoka kwa dakika kumi, ni kwa sababu ulikuwa umekwisha kulala ndani ya yale maneno. Mtu alikuwa ameshapima kila silabi na kuamua mwimbaji atapumua wapi na atasimama wapi.

Katika wimbo huo kuna msitari unaosema mahindi yamerefuka hadi kwenye jicho la tembo. Mwanzoni Hammerstein alikuwa ameandika jicho la farasi mdogo wa wachunga ng’ombe. Halafu akatoka, akaenda kwenye shamba la jirani, akasimama katikati ya mahindi. Yalikuwa yamempita huyo farasi mbali sana. Akatafuta mnyama mwingine.

Nilicheka kwa furaha nilipolisoma hilo, nikiwa peke yangu jikoni. Kisha nikanyamaza. Sisi tuna mahindi na tuna tembo, na kwetu tembo akifika kwenye mahindi ni kilio: watu wanakesha na madebe, na asubuhi wanahesabu mashina. Mkulima wa upande wa Mkomazi akisikia msitari ule hatasikia asubuhi nzuri. Neno ni lile lile, jicho ni lile lile, na picha imegeuka kabisa kwa sababu ya ardhi aliyosimama msikilizaji.

Ndipo nilipoanza kuona ugumu wa kazi hii. Mpiga kinanda akibonyeza sauti, sauti ile inasikika ile ile Tanga na New York. Mtunzi wa maneno anafanya kazi kwa vitu ambavyo kila msikilizaji anavyo vyake nyumbani.

Irabu

Kuna jambo jingine alilolieleza ambalo limenifanya niisikie lugha yangu upya.

Katika Carousel hiyo hiyo kuna wimbo wa Julie anaojiuliza kuna faida gani kuwaza kama mume wako ni mwema au mbaya. Ni wimbo mzuri sana. Haukupendwa na watu kama wenzake, na Hammerstein alijilaumu mwenyewe. Alisema kosa ni neno la mwisho kabisa: “talk”. Linaishia kwa k. Mwimbaji akifika pale anapotakiwa kuifungua sauti na kuivuta, koo linajifunga. Hakuna cha kuvuta. Alikuwa anajua hatari hiyo akaiacha makusudi kwa ajili ya maana, na baadaye akaamini wimbo ulilipa gharama.

Neno moja. Konsonanti moja.

Sasa hebu tujitazame. Tamka neno lolote la Kiswahili polepole: moyo, mvua, tumaini, njia. Linaishia mdomo ukiwa wazi. Watunzi wetu wa taarabu hawajui kabisa shida ya Hammerstein. Wao popote watakapokata msitari, mwimbaji ana pa kuvutia. Wale vijana wa Muheza, walipoimba “wokoni”, niliwasikia kama watu wanaokosea. Wiki tatu baadaye nilielewa kwamba walikuwa wanaifanyia lugha ya watu kile ambacho mtunzi mwenyewe alitamani ingekuwa nacho. Na tazama alivyolimaliza lile neno la mwisho la wimbo wao, “alone”. Ni o ndefu, na n laini inayoisindikiza. Hapo hakurudia kosa. Watu elfu hamsini wanaweza kuivuta ile o mpaka pumzi iishe.

Sisi tuna mzigo mwingine, na nitaufikia.

Na vina. Nimefundishwa tangu shule kwamba shairi bila vina na mizani ni maneno tu. Hammerstein aliogopa vina vingi. Katika wimbo wake kuhusu mto Mississippi, alioutunga na Jerome Kern kwa ajili ya Show Boat ya mwaka 1927, mwanzo wote karibu hauna kina. Anarudia maneno tu, kama mtu anayebeba marobota na hana pumzi ya kupamba. Aliona kwamba msikilizaji akianza kuhesabu vina, anaacha kumsikiliza anayeimba. Nilibishana naye kichwani siku kadhaa kuhusu hilo. Bado sijakubali. Kina chetu hakimtoi mtu kwenye maana, kinamwambia ajiandae, inakuja. Lakini kila nikiusikiliza ule wimbo wa mto, naona kwamba pale alikuwa sahihi.

Wengine wa foleni hiyo hiyo

Nikimtafuta mmoja nilikutana na wenzake.

Yip Harburg alikuwa na biashara ya vifaa vya umeme, ikafa katika anguko la uchumi la 1929, akabaki na madeni na kalamu. Mwaka 1932 aliandika, kwa muziki wa Jay Gorney, wimbo wa mtu aliyejenga reli na mnara na kwenda vitani, na sasa amesimama kwenye foleni anamwomba mpita njia senti kumi. Yule mtu haombi kwa unyonge. Anauliza. Amefanya kila alichoambiwa afanye, imekuwaje? Miaka saba baadaye Harburg huyo huyo aliandika wimbo wa mtoto anayetaka kuvuka upinde wa mvua. Ukisikiliza zote mbili usiku mmoja utaona ni mtu yule yule anayeuliza swali lile lile.

Na Dorothy Fields, mwanamke katikati ya chumba kilichojaa wanaume, ambaye alikuwa wa kwanza wa jinsia yetu kupata tuzo ya Oscar ya wimbo bora. Anaandika kama watu wanavyoongea wakiwa wamevaa kandambili. Yeye nitamwandikia siku yake. Anastahili.

Kofi

Lakini siwezi kupita bila kusema kilichonifanya nizime simu kwa siku nne.

Billy anampiga Julie. Hilo liko wazi katika mchezo. Miaka inapita, Billy anaruhusiwa kurudi duniani siku moja kumwona binti yake, na kwa hasira anampiga na binti. Binti anamuuliza mama yake kama inawezekana mtu akakupiga kwa nguvu na usisikie maumivu. Mama anajibu kwamba inawezekana.

Niliusoma msitari huo mara tatu. Nimekaa na wanawake wengi jikoni kwenye misiba na harusi, nimeona kanga zinavyovutwa kufunika mkono. Jibu la Julie nimelisikia kwa masikio yangu, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu ninayempenda. Sikutaka kulikuta tena kwenye kitabu cha mtu niliyeanza kumheshimu.

Najua hadithi ilianza kwa Ferenc Molnár wa Hungaria, mwaka 1909. Najua pia Hammerstein aliubadilisha mwisho wake, akampa binti mahafali na akaurudisha ule wimbo pale, shule nzima ikimwimbia mtoto aliyezoea kutengwa. Alipoona pa kubadilisha, alibadilisha. Basi lile jibu nalo angeweza kuligusa. Aliliacha.

Siku ya tano niliuwasha wimbo tena. Sikuwa nimemsamehe mtu. Nilikuwa nimekumbuka uso wa mjane wa Muheza, na nikaona sina haki ya kumnyang’anya alichopewa pale mkekani kwa sababu ya dhambi ya ukurasa mwingine. Yote mawili ni ya mkono mmoja. Nimeyaweka yote mawili.

Paul Robeson na Kiswahili

Hapo ndipo nilipobadilika kuhusu swali langu lenyewe.

Nilikuwa nimeanza kwa uchungu wa haki: mtu kaandika, jina limepotea, apewe sifa yake. Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani, alinionyesha kuna sababu kubwa zaidi ya sifa.

Wimbo ule wa mto, mwaka 1927, ulianza kwa neno la tusi kwa watu weusi. Robeson aliuimba London mwaka 1928 na dunia ikausikia kwa sauti yake. Mwishoni mwa msitari mkuu, mbebaji mizigo anasema amechoka kujaribu, amechoka kuishi na anaogopa kufa. Miaka ilivyokwenda, sauti ile ile ilianza kukataa. Robeson aliliacha tusi. Na kufikia mwisho wa miaka ya 1930, pale pa kuchoka alikuwa anaimba kwamba anacheka badala ya kulia, na atapigana mpaka siku ya kufa.

Maneno machache tu. Wimbo wa mtu aliyekata tamaa ukasimama wima.

Katikati ya safari hiyo, London, Robeson aliingia chuo akasoma lugha za Afrika, na mojawapo ilikuwa Kiswahili. Napenda kumwaza akiwa na daftari lake anajifunza ngeli, kisha jioni anapanda jukwaani kubishana na neno la mtu mwingine mbele ya watu.

Hammerstein hakupendezwa na mabadiliko yale. Mtunzi gani angependezwa? Na si kwamba alikuwa mtu wa kudharau weusi. Mwaka 1949, katika South Pacific, aliandika wimbo unaosema chuki ya rangi haizaliwi, watoto hufundishwa, na alipoombwa auondoe alikataa, yeye na Rodgers. Alikuwa na jino na hakuogopa kuuma. Lakini mwaka 1927 alimwandikia mtu mweusi maneno, na mtu mweusi alipoyavaa yakambana.

Ndiyo maana jina la mtunzi lisipotee. Wimbo ukisemwa ni wa “zamani” au “wa Liverpool” au “wa watu”, hakuna wa kumshukuru, na hakuna wa kumwambia bwana, hapa umekosea. Maneno yasiyo na mwenyewe tunayameza yalivyo.

Mtunzi hatunzwi

Nimechelewa kumtaja babu, ingawa nadhani wanaonijua wamekwisha kumwona nyuma ya kila aya.

Babu mzaa mama alikuwa fundi cherehani Tanga mjini. Usiku alitunga maneno ya taarabu kwa kikundi kimoja cha mtaani. Aliandika kwa penseli nyuma ya karatasi za vipimo, kiuno na kifua cha mtu upande mmoja, moyo wa mtu upande wa pili. Moja ninayoikumbuka:

*Nilikupa wangu moyo, ukauweka mekoni,*
*Wauliza hayo hayo, moshi u nyumba ya nani.*

Harusini mwimbaji akifika kwenye beti hizo, wanawake walisimama kwenda kumtunza. Noti ziliwekwa kichwani, kifuani, mkononi. Babu alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kofia magotini. Kutunga na kutunza ni jirani mno mdomoni, lakini mtunzi hatunzwi. Karatasi zile zilipotea alipohama nyumba. Hakuna sahani yenye jina lake.

Niliwahi kumuuliza nikiwa na miaka kumi na mbili hivi. “Babu, huumii?”

“Wakati ule nilikuwa natazama midomo,” alisema.

“Midomo ya nani?”

“Ya wale waliokaa. Ya wasioimba.”

Sikuelewa, nikaenda kucheza. Nimeelewa Muheza. Mjane hakuwa anaimba. Midomo yake ilikuwa inatembea.

Na bado naumia kwa ajili yake. Kuridhika kwake hakuniridhishi mimi. Jina lake lingeweza kusemwa mara moja, kabla ya wimbo, na mwimbaji asingepungukiwa hata noti moja.

Huko wapi?

Wiki ya tatu mjane alinipigia simu. Baada ya salamu ndefu aliuliza, “Dada, wale vijana siku ile walikuwa wanasema nini?”

Nilitaka kumwambia palepale kwenye simu. Nikajikuta naomba muda.

Nilifikiri ni kazi ya jioni moja, maana maneno ya Hammerstein pale ni mepesi kiasi cha kuonekana ya kitoto: dhoruba, giza, mvua, upepo, tumaini, tembea. Hakuna neno la kutafuta kwenye kamusi isipokuwa yule ndege anayeimba baada ya dhoruba, ambaye kwa Kiingereza ana silabi moja na kwetu anaitwa kipozamataza. Silabi sita. Nikamwita ndege.

Nilitaka uimbike kwa sauti ile ile waliyoizoea vijana. “Songa, songa” lilikaa vizuri kuliko “tembea”, silabi mbili mbili kama “walk on” yenyewe. Tabu ilikuwa msitari wa mwisho. Una silabi sita. “Hutatembea peke yako” ni tisa. Nikakata, nikapanga, usiku wa tatu nikapata: “Huko peke yako.” Sita kamili! Nikampigia dada yangu Korogwe nikamwimbia.

Akanyamaza kidogo. “Huko wapi?”

Nilikaa chini. Huko, yaani hauko. Huko, yaani kule. Nilikuwa karibu kwenda kumwimbia mjane kwamba mume wake yuko kule, peke yake.

Nilivunja upya. Nikakumbuka babu alivyokuwa akibana maneno akikosa nafasi, moyo wako ukawa moyowo, mwenzako akawa mwenzio. “Hauko pekeyo.” Sita, na inaishia kwa o, kama ya Hammerstein. Lakini hapa ndipo kwenye ule mzigo wetu. Sisi tunakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, pe-KE-yo, na muziki unavuta ya mwisho kabisa. Ukiuvuta “yo” kama wanavyovuta wao, neno linainama upande. Nilijaribu kila njia. Nimeliacha liiname.

Siku tano kamili kwa wimbo wa mistari michache. Yule mtu wa majuma matatu simshangai tena.

Arobaini

Nilirudi Muheza siku ya arobaini. Baada ya chakula nilikaa na mjane chini ya mwembe, nikamsomea polepole, bila kuimba. Dhoruba. Giza. Ndege. Alikuwa anachambua mchele wa jioni, ungo magotini. Nilipofika “hauko pekeyo” vidole vilisimama.

“Rudia hapo.”

Nikarudia. Akaendelea kuchambua.

“Na aliyeandika alikuwa amefiwa?” aliuliza.

Nilimwambia sijasoma hivyo. Nilimwambia alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyeandika akiwa amesimama. Alifariki kwa saratani ya tumbo mwezi wa nane mwaka 1960, akiwa na miaka 65, na siku chache baadaye, usiku wa tarehe 1 Septemba, taa za Times Square pale New York zilizimwa zote kwa dakika moja kwa ajili yake.

“Zote?”

“Zote.”

“Kwa mtu wa maneno,” alisema, na akatikisa kichwa, na sikujua kama anashangaa au anaafiki.

Vijana walikuwa wamejisogeza. Yule aliyenipeleka barabarani siku ya mazishi alikuwa anafuta pikipiki kwa kitambaa cha jezi ya zamani, na tayari alikuwa anaujaribu ule msitari chini chini, anauvuta “yo” kupita kiasi, unainama vile vile nilivyoogopa. Hakujali. Alikuja akaomba karatasi.

“Anti, naandika nyuma hapa jina lake. Nitajie.”

Nikamtajia herufi moja moja, naye akiandika kwa kuegemeza karatasi kwenye kiti cha pikipiki. Alifika katikati akasimama, kalamu juu.

“M ni mbili?”

“Mbili.”